Haya Umeyapokea kwa Nani?

Salt Lake City, katika jimbo la Utah, ni mji wa watu wanaoamini kwamba wafu wanayahitaji majina yao. Waumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao wengi wetu huwaita Wamormoni, hubatizwa kwa niaba ya jamaa zao waliokufa zamani, na ubatizo huo haufanyiki bila jina. Ndiyo maana mwaka 1894 walianzisha chama cha kutafuta nasaba. Mwaka 1938 wakaanza kupiga picha za mikrofilamu vitabu vya makanisa, mahakama na manispaa, nchi moja baada ya nyingine, na katika miaka ya 1960 wakachimba ghala ndani ya jabali, milimani karibu na mji, ili filamu hizo zisifikiwe na moto wala mafuriko. Kazi ya kuziingiza kwenye kompyuta, mikanda milioni 2.4, ilikamilika 2021. Asiyeyajua haya atashangaa kwa nini RootsTech, maonyesho ya historia ya familia yaliyoanza 2011, hufanyika huku kwenye jangwa na theluji badala ya New York au London.

Mimi naishi mji huu kwa ajili ya riziki. Ni Mwislamu wa Tanga, na habari ya ubatizo hainihusu. Niliingia ukumbi wa Salt Palace, yanakofanyika maonyesho hayo, kwa sababu nyingine: kwetu nasaba husomwa, haitafutwi. Mtoto akikorofisha hukumbushwa yeye ni nani bin nani. Posa ikija, wazee huketi wakayapima majina ya upande wa pili kabla hawajagusa habari ya mahari. Majina yanatoka mdomoni kwa mpangilio, na msikilizaji anayapokea kwa heshima ile ile anayompa msemaji. Nilitaka kuwaona watu wanaoifanya kazi hiyo kama ufundi, wenye kanuni zake na ugomvi wake.

Mabandani sikukaa sana. Kampuni za vipimo vya vinasaba zilikuwa zikiuza vichupa vya kutemea mate kwa bei ya maonyesho, na wengine wakionyesha programu za kuzitia rangi picha za kale. Wazee wa Kizungu walipita wamevaa beji zenye riboni zinazoning'inia mpaka kiunoni, wakiulizana habari za mababu wa karne ya 17 kana kwamba waliachana nao jana. Kijana mmoja wa Kikongo aliyekuwa akipanga viti alinisikia nikizungumza kwa simu, akanisalimia kwa Kiswahili cha Uvira. Nilipomweleza watu hawa wanatafuta nini, alicheka. Yeye, mama yake na kaka zake wote, alisema, wamezaliwa tarehe 1 Januari. Ndivyo walivyoandikwa kwenye kambi ya wakimbizi, kwa kuwa fomu ilidai tarehe na karani alikuwa na foleni ndefu. Nilimfikiria kitukuu chake, miaka mia moja ijayo, akizitazama karatasi hizo na kujiuliza ni ukoo gani huu unaozaa siku ya mwaka mpya tu.

Nilichokijia kilikuwa madarasani. Kanuni za awali ni nyepesi kutaja: anza na wewe mwenyewe, rudi nyuma kizazi kimoja kimoja, usiruke, usinakili mti wa ukoo wa mtu mwingine hata kama mababu zake wanapendeza, na kila unachokiandika, andika kando yake umekitoa wapi. Ni hii ya mwisho iliyonikamata. Mwalimu, mwanamke mtu mzima kutoka majimbo ya Kusini, alitundika ukutani cheti cha kifo cha miaka ya 1930 akatuuliza kama ni ushahidi mzuri. Wengi tukasema ndiyo: ni karatasi ya serikali, ina muhuri na sahihi. Akaanza kuichambua kwa kidole. Tarehe ya kifo imeandikwa na daktari aliyekuwapo, basi ichukueni. Lakini tarehe ya kuzaliwa, na jina la mama wa marehemu? Hayo aliyatoa mtoto wake mwanamume, siku ya msiba, huku akili yake iko kwenye jeneza. Hakuwapo baba yake alipozaliwa, na yamkini huyo bibi hakumwona maishani. Karatasi ni moja, muhuri ni mmoja, lakini ndani yake mna shahidi aliyeona na shahidi aliyesikia, na thamani zao haziwi sawa kwa sababu tu wameandikwa kwa wino mmoja.

Baadaye alituonyesha ukurasa wa jedwali la watumwa la sensa ya Marekani ya 1860. Ninakuomba, msomaji, uutazame nami. Safu ya kwanza ina jina la mwenye watumwa, limeandikwa lote kwa mwandiko wa kupendeza. Chini yake unafuata mstari baada ya mstari usio na jina: mwanamke, 35, mweusi, mwanamume, 14, chotara, mtoto mchanga wa kike, 4/12. Miezi minne, imeandikwa kama sehemu ya mwaka. Kuna safu ya waliotoroka, safu ya walioachwa huru, safu ya viziwi, vipofu na wenye wazimu, na kuna hesabu ya vibanda wanamolala. Karani alipata nafasi ya kuviandika vibanda. Majina hakuyaandika, hayakuhitajika. Mpaka sensa ya 1870, miaka mitano baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kwisha, ndipo wengi wa watu hao wanapoonekana kwa mara ya kwanza katika sensa kwa jina na ukoo, wakiwa tayari watu wazima, kama waliotoka ardhini.

Kwa Wamarekani weusi wengi hapo ndipo utafiti unapogonga mwamba, na darasa zima lilikuwa juu ya namna ya kupenya. Unamchukua mtu wako wa 1870, unawatazama majirani zake, hasa matajiri wa Kizungu wenye mashamba, kwa kuwa watu wengi walioachwa huru hawakwenda mbali. Unatafuta wasia wa tajiri huyo, hati za mirathi, kesi za madeni. Unapitia mikataba ya kazi na malalamiko yaliyoandikwa na Freedmen's Bureau, ofisi iliyowashughulikia walioachwa huru kati ya 1865 na 1872. Hapo watafutaji wamerahisishiwa kidogo, maana wafanyakazi wa kujitolea walimaliza mwaka 2016 kutengeneza faharasa ya majina karibu milioni 1.8 kutoka makabrasha ya ofisi hiyo. Lakini hati inayotafutwa kuliko zote ni orodha ya mali za marehemu tajiri. Humo, kati ya ng'ombe na majembe, mna majina. Kila jina lina bei mbele yake. Mama mmoja aliyekaa mstari wa mbele alisema alimpata bibi ya bibi yake hivyo, na kwamba alilia kwa furaha dakika ile ile aliyoona zile dola. Hakuna aliyemwuliza ilikuwaje. Ukumbi mzima ulijua.

Nikawaza habari ya kwetu. Pangani, walikotoka watu wa upande wa baba yangu, iliishi kwa mashamba ya miwa katika karne ya 19, na miwa ililimwa na watumwa. Mji ule tunausimulia kwa habari ya Bushiri bin Salim, aliyewapiga Wajerumani 1888 na kunyongwa hapo hapo mwaka uliofuata, na ni haki kumsimulia. Habari ya waliokata miwa haisimuliwi sana. Wajerumani hawakuufuta utumwa. Walitoa hati za uhuru, makumi ya maelfu, moja moja, mara nyingi kwa aliyekombolewa au kujikomboa kwa fedha, na wakatangaza kwamba watoto watakaozaliwa baada ya mwisho wa 1905 watakuwa huru. Sheria ya kuukomesha kabisa Tanganyika ilikuja chini ya Waingereza, 1922. Unguja utumwa ulifutwa kisheria 1897, pwani ya Kenya 1907. Katika miaka yote hiyo mtu wa chini aliingia vitabuni kupitia milango michache: akiachwa huru, akibatizwa misheni kama Bagamoyo au Freretown, akitozwa kodi, akipewa kipande. Na kodi ya kibanda ilimhesabu mume, kisha vibanda. Mke wa pili aliingia daftarini kama kibanda cha pili. Ukitaka kumjua bibi yako kwa maandishi ya serikali, mara nyingi utakachopata ni paa lake.

Basi ni rahisi kusema kwamba sisi tuna wazee, wao wana makaratasi, na kila mtu ashike lake. Jibu hilo nilikwenda nalo Salt Palace, na ndilo lililoanza kunikera. Sababu ni kitabu ambacho kila mtu pale alikuwa nacho kichwani, *Roots* cha Alex Haley, kilichotoka 1976 na kuwapeleka mamilioni ya Wamarekani kwenye nyaraka. Haley alieleza jinsi alivyokwenda Juffure, Gambia, mzee akamsomea nasaba ya ukoo wa Kinte mpaka akafika kwa Kunta aliyepotea akienda kukata mti. Mwaka 1981 Gary Mills na mkewe Elizabeth Shown Mills, walimu wakubwa wa ufundi huu, waliifuata habari hiyo kwenye hati za Virginia. Walimkuta yule mtumwa Toby, ambaye Haley alisema ndiye Kunta, ameandikwa kwenye hati za mabwana zake miaka kadhaa kabla ya meli ya Lord Ligonier kutia nanga Annapolis 1767, meli inayodaiwa ndiyo iliyomleta. Mwaka huo huo mwanahistoria Donald Wright, aliyefanya utafiti Gambia, alionyesha kwamba mzee wa Juffure hakuwa msimulizi wa kurithi, na kwamba kabla hajafunua kinywa wenyeji walikwisha kujua mgeni kutoka Marekani anatafuta nini.

Mtu anaweza kuisoma habari hiyo kama aibu ya masimulizi mbele ya maandishi. Mimi naona mzee wa Juffure alifanya lile ambalo mzee yeyote mstaarabu angelifanya: alimpokea mgeni. Nasaba kinywani mwa mzee humjibu aliyeuliza na wakati aliouliza. Jan Vansina, Mbelgiji aliyesikiliza wazee wa Kongo na Rwanda kwa miaka mingi, aliandika jinsi masimulizi yanavyoshika mwanzo wa ukoo na vizazi vya karibuni, yakimeza vya katikati. Kwetu pwani twaweza kuongeza: yanashika yenye faida. Thenashara Taifa, yaani zile taifa kumi na mbili za Waswahili wa Mombasa, walivutana miaka mingi na serikali ya kikoloni kuhusu kama wahesabiwe wenyeji au la, kwa kuwa jibu lilibeba kodi na hadhi. Unguja, sensa za Waingereza zilionyesha watu waliojiita Waswahili wakipungua na Washirazi wakiongezeka kwa kasi ambayo hakuna uzazi unaoweza kuieleza. Nasaba ni dai. Dai laweza kuwa la kweli, lakini halikosi sababu ya kutolewa siku ile.

Na hili la Washirazi lina kisa cha kuburudisha. Kwa muda mrefu wasomi waliwacheka wazee wetu, wakisema habari za Kilwa za mtoto wa mfalme aliyekuja kwa jahazi kutoka Shirazi ya Uajemi ni ngano za watu waliotaka kujitukuza. Mwaka 2023 jarida la *Nature* likachapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao kutoka makaburi ya miji ya pwani ya kati ya 1250 na 1800. Wengi walikuwa na damu ya Asia kwa wingi, sehemu kubwa yake ikitoka kwa wanaume wa Uajemi, na kuchanganyika huko kulianza yapata mwaka 1000. Wazee hawakuzua. Ila uchunguzi huo huo ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya damu ya wengi wao ilitoka Afrika, hasa kwa wanawake. Masimulizi yalimshika mgeni wa kiume na jahazi lake. Wenyeji waliomzalia watoto, ambao ndio fungu kubwa, waliachwa nje ya shairi. Nani alisimulia, akiwa amekaa wapi, na mbele ya nani?

Swali hilo la umesikia kwa nani, kwa Mmarekani wa Salt Palace, ni la kawaida kama kuuliza saa. Kwetu ni ukosefu wa adabu. Kumwuliza mzee chanzo chake ni kumwambia kwamba neno lake halitoshi. Kwa shangazi yangu, mkubwa wa ukoo aliyebaki, nisingethubutu. Lakini nilipokuwa darasani nikimsikiliza yule mwalimu akitenga aliyeona na aliyesikia, nilikumbuka kwamba ufundi huu niliwahi kuukuta mahali pengine, nikiwa nimekaa kwenye mkeka. Chuoni tulifundishwa kwamba hadithi ya Mtume haipokelewi bila isnadi: fulani kapokea kwa fulani, naye kapokea kwa fulani. Maulamaa waliwapima wapokezi mmoja mmoja, kwa umri, kumbukumbu na ukweli wao, na kama kweli waliwahi kukutana. Hakuna aliyeona kwamba kuuliza hivyo ni utovu wa adabu. Ilikuwa ndiyo adabu yenyewe ya elimu. Masharifu wa Lamu na Ngazija huandika shajara zao za nasaba kwa uangalifu wa namna hiyo. Sisi wengine kanuni tunayo, ila tumeiweka msikitini tukasahau kuileta barazani.

Basi nilimpigia shangazi. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya kunihakikishia kwamba baridi ya huku itaniua, aliisoma nasaba kama anavyoisoma siku zote, mkondo mmoja usio na pumzi, mpaka kwa babu aliyetoka Shirazi. Nikamwambia, "Shangazi, nataka niiandike na isnadi yake. Haya wewe umeyapokea kwa nani?"

Alikaa kimya kidogo. Sikusikia hasira. "Majina ya wanaume nimeyapokea kwa baba," akasema. "Yeye kayapokea kwa babu yake, siku za mfungo, barazani. Nilikuwa mdogo, nikipeleka kahawa." Kisha, bila kuulizwa, akaendelea: "Lakini la mama wa babu yangu hilo sikulipokea kwao. Hilo nilipata jikoni. Arusi ya dada, tunachambua mchele, mabibi wakadhani nimelala."

Akanitajia jina. Jina moja, bila binti wala fulani mbele yake, jina la kitu kizuri na ghali, kama yale waliyopewa wajakazi. Hakueleza zaidi, na wala hakuwa na haja. Kwa sheria ya Kiislamu mtoto wa suria na bwana wake huzaliwa huru, akabeba nasaba ya baba sawa na ndugu zake wote, na hapo nasaba ya mama inakatika. Ukoo wetu haukuficha kitu kwa hila, uliandika kwa kalamu iliyokuwapo. Kule Salt Palace pengo kama lile huhesabiwa kuwa ushahidi: mahali ambapo jina lingetarajiwa na halipo, kuna jambo. Jikoni ilibaki na jibu muda wote huo, kwa sababu hakuna aliyekwenda kuuliza huko.

Niliandika yote katika daftari, safu mbili: ya barazani na ya jikoni, kila moja na mpokezi wake, umri wake na alikuwa akifanya nini. Sikuliingiza jina hilo kwenye mti wa mtandaoni, ingawa waandaaji wa maonyesho wanakuhimiza kwa kila njia. Kwa desturi yao walio hai hufichwa na wafu hubaki wazi, ila mimi nimelelewa kwamba hata maiti ana haki ya sitara. Na kuna lile la mwanzo: majina yanayoingia huko yanaweza kupelekwa hekaluni kwa ule ubatizo wa wafu. Wayahudi walilalamika ndugu zao waliouawa na Wanazi walipobatiziwa hivyo, mpaka 1995 kukafanywa makubaliano ya kuacha. Bibi yangu huyo aliwahi kupewa jina na watu bila kuulizwa. Sioni haraka ya kumpeleka pengine.

Hata hivyo kazi imebaki. Vitabu vya Wajerumani vilivyosalia vimo katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Hati za mahakama za Pangani nitazitafuta kwa utaratibu nilioupata darasani: kwanza majirani, halafu mirathi, halafu madeni. Nilipomweleza shangazi mpango huo, alinisikiliza hadi mwisho kisha akaniambia nisijisumbue na Mjerumani kabla sijamaliza na watu.

"Binamu yako mkubwa yuko Pangani," akasema. "Nenda kamsikilize. Atakwambia kwamba wao ndio wa Shirazi na sisi ndio wa jikoni. Mwache aseme, mpaka amalize. Halafu na yeye muulize kapokea kwa nani, kisha unipigie unambie."